Carver: Mtoto wa mtumwa aliyewafundisha maskini kupanda mboga kabla ya pamba

WIKI za mwisho za Oktoba, ukishuka kwenye basi liendalo Tunduma na kuingia vijijini hapa Nanyala, wilayani Mbozi, utakuta mashamba yamekwishalimwa na vumbi linapanda. Kila mtu anatazama mawingu. Mbegu za mahindi zimenunuliwa, au zimekopwa. Mibuni inasubiri mvua za kwanza ichanue. Lakini ukiingia jikoni utakuta mboga ya kununua, na siku nyingine hakuna mboga kabisa.

Mimi nilikulia katika nyumba ya aina hiyo. Fedha ya kahawa iliingia mara moja kwa mwaka, ikalipa ada na madeni, ikaisha. Ilipofika Februari baba alikuwa amekwisha kuiweka rehani kahawa iliyokuwa bado mtini ili tupate unga na kitoweo. Bei alipanga mwenye fedha. Sisi tulivuna, yeye alipakia.

Miaka mingi baadaye, nikisomea uchumi wa kilimo, nilikutana na maisha ya mtu aliyeitumia zaidi ya nusu ya umri wake kupambana na mtego huo huo, ng'ambo ya bahari, miongoni mwa wakulima weusi wa pamba. Jina lake ni George Washington Carver. Wengi wetu tulimsikia shuleni kama bingwa wa karanga. Kumbe karanga ni sehemu ndogo tu ya habari yake, na pengine si sehemu yenye manufaa zaidi kwa mkulima wa Mbozi anayesubiri mvua.

Azaliwa utumwani

Carver alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika shamba moja jirani na mji mdogo wa Diamond, jimbo la Missouri nchini Marekani. Tarehe kamili hakuijua hata yeye, kwa kuwa watoto wa watumwa hawakuandikiwa kumbukumbu za namna hiyo. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima mmoja wa Kizungu aliyeitwa Moses Carver. Baba yake alifariki kwa ajali wakati George akiwa mchanga au kabla hajazaliwa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa bado vikiendelea. Usiku mmoja wavamizi waliwateka Mary na mtoto wake na kukimbilia nao jimbo la Arkansas. Moses Carver alimtuma mtu awafuatilie. Mtoto alipatikana akiwa taabani, na inasemekana aliyemrudisha alilipwa farasi wa mbio. Mama hakuonekana tena.

George na kaka yake Jim walilelewa na Moses na mkewe Susan. Kwa kuwa George alikuwa dhaifu na mwenye kuugua mara kwa mara, hakupelekwa kazi nzito za shamba. Alibaki na Susan jikoni, kwenye kufua na kwenye bustani ya mboga. Huko ndiko alikojifunza kuotesha, kupandikiza na kutambua mmea unaoumwa. Bado akiwa mtoto, majirani walikuwa wakimletea mimea yao iliyonyauka aitazame.

Njia ndefu ya shule

Utumwa ulipokwisha, shule ya karibu haikuwapokea watoto weusi. Akiwa na umri wa miaka kumi na kitu, aliondoka kwa miguu kwenda mji wa Neosho, akapokelewa na familia ya Andrew na Mariah Watkins na kusoma huku akifanya kazi za nyumbani. Kutoka hapo alihamahama katika jimbo la Kansas, akijilipia masomo kwa kupika na kufua nguo za watu.

Mwaka 1885 chuo kimoja huko Kansas kilimkubali kwa barua. Alipofika na kuonekana kuwa ni mweusi, alikataliwa mlangoni. Mwaka uliofuata alikwenda kuchukua ardhi katika kaunti ya Ness, akajenga nyumba ya udongo, akalima ekari 17 za nafaka na mboga. Mwaka 1888 alikopa dola 300 benki kwa ajili ya masomo, akaondoka.

Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson katika jimbo la Iowa, kusomea uchoraji. Mwalimu wake aliona jinsi anavyoichora mimea, akamshauri aende kuisoma. Hivyo mwaka 1891 alihamia chuo cha kilimo cha jimbo hilo mjini Ames, akiwa mwanafunzi wa kwanza mweusi hapo. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, na alikwisha kuajiriwa kama mwalimu. Angeweza kubaki na kuishi vizuri.

Ardhi iliyochoka, watu waliochoka

Mwaka huo huo wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa Chuo cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita akaongoze idara ya kilimo. Tuskegee kilikuwa chuo cha watu weusi, chenye fedha kidogo. Carver alifika Oktoba 1896, na hakuondoka hadi kifo chake, miaka 46 baadaye.

Alichokikuta kitamgusa mkulima yeyote anayetegemea zao moja. Pamba ilikuwa imepandwa kila mahali, hadi kwenye mlango wa nyumba. Wakulima wengi weusi hawakuwa na ardhi. Walilima kwa kukodi au kwa kugawana mavuno na mwenye shamba. Kila majira ya kuchipua mwenye duka aliwakopesha unga wa mahindi, nyama ya mafuta na sukari guru ya maji, na dhamana ilikuwa pamba ambayo bado haijaota. Baada ya mavuno, hesabu ilifanywa na mwenye duka. Wengi walitoka hapo wakiwa bado wanadaiwa.

Udongo nao ulikuwa umekwisha. Pamba ilipandwa juu ya pamba mwaka baada ya mwaka, na mvua ilichimba makorongo.

Afya ilikwenda njia hiyo hiyo. Chakula cha unga wa mahindi na mafuta bila mboga, kunde wala maziwa kilileta ugonjwa wa pelagra, unaoharibu ngozi, tumbo na akili, na hatimaye kuua. Kuanzia mwaka 1906 ulionekana kwa wingi Alabama na majimbo jirani. Ilichukua miaka mingi kwa madaktari kukubali kwamba chanzo chake ni mlo duni, na mwaka 1937 ndipo vitamini inayouponya ilipotambuliwa. Karanga ni miongoni mwa vyakula vyenye vitamini hiyo kwa wingi.

Bustani kwanza

Jimbo la Alabama lilitoa dola 1,500 kwa mwaka kuanzia 1897 kwa ajili ya kituo cha majaribio cha Tuskegee. Zilikuwa fedha ndogo. Carver aliamua kwamba majaribio yake yatakuwa ya vitu ambavyo mkulima asiye na fedha anaweza kuvifanya. Badala ya kutegemea mbolea ya dukani, aliwahimiza wakulima wakusanye majani ya msituni, tope la mabwawani na samadi, waozeshe na kurudisha shambani. Kisha akahimiza kubadilishana mazao: mwaka mmoja pamba, mwaka mwingine kunde, karanga au viazi vitamu.

Sababu ya kunde na karanga inafahamika kwa wataalamu wetu wa ugani. Mimea ya jamii ya mikunde ina vinundu kwenye mizizi, na ndani yake wamo bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani na kuipa mimea. Masalia yakizikwa, udongo hupata sehemu ya naitrojeni hiyo. Kwa mkulima asiyeweza kununua mfuko wa mbolea, hii ni mbolea inayoota yenyewe.

Hapa inafaa tuzungumzie majira. Alabama ina kipupwe chenye umande unaoganda kuwa barafu, hali ambayo wenzetu wa Kitulo wanaifahamu lakini ambayo si tatizo la mkulima wa Nanyala. Kule barafu ya mwisho hupita Machi au Aprili. Inapofika Mei na Juni, mwisho wa majira yao ya kuchipua, joto limepanda na udongo umepata moto. Kabichi na jamii yake huanza kuteseka. Lakini huo ndio wakati wa mimea inayopenda joto: kunde, bamia, viazi vitamu, karanga. Na ndio wakati ambao mkulima wa pamba alikuwa ameinama kwenye palizi ya zao la mwenye duka, hana nafasi wala mbegu ya kitu kingine.

Carver aliwasihi wakate kipande kidogo karibu na nyumba na kukipanda mboga, na wasikiache kitupu baada ya mavuno ya kwanza. Palipovunwa nafaka ya mapema, ipandwe kunde mara moja. Marando ya viazi vitamu yaingie ardhini udongo ukiwa na joto na unyevu. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi kuliko ya kilimo: kila sahani ya mboga iliyotoka bustanini ilikuwa deni moja pungufu kwenye daftari la duka.

Kunde na bamia zilikuwa mazao ya Afrika, yaliyovuka bahari pamoja na biashara ya watumwa. Karanga asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini jina moja la mtaani la karanga kule Marekani limetokana na neno la Kikongo, nguba. Wakulima wale walikuwa wanakumbushwa kupanda walichokula mababu zao.

Shule inayotembea

Carver alijua kwamba mkulima mwenye deni hana nauli ya kwenda chuoni. Mwaka 1897 alianzisha mikutano ya kila mwezi ya wakulima pale Tuskegee. Mwaka 1906 likatengenezwa gari la kukokotwa na nyumbu, kwa msaada wa tajiri wa New York aliyeitwa Morris Jesup, likapakiwa zana, mbegu na sampuli za mazao. Gari hilo lilikwenda hadi mashambani, likasimama uani kwa mkulima mmoja, na majirani wakaitwa. Mwaka huo huo Thomas Campbell, aliyekuwa mwanafunzi wa Tuskegee, aliajiriwa kuliongoza, akawa bwana shamba wa kwanza mweusi katika utumishi wa serikali ya Marekani.

Kati ya mwaka 1898 na 1943 chuo kilitoa vijarida 44 vya kilimo, vingi vikiwa kazi ya Carver mwenyewe. Viliandikwa kwa lugha nyepesi. Kimoja cha mwaka 1905 kilieleza namna ya kufufua ardhi iliyochoka. Cha mwaka 1916 kilihusu kilimo cha karanga na njia 105 za kuziandaa kwa chakula. Cha mwaka 1918 kilihusu nyanya, na njia 115 za kuziandaa mezani. Kingine kilifundisha kukausha mboga na matunda. Mwaka 1942, vita vya pili vya dunia vikiwa vimepamba moto, alitoa kijarida kuhusu mboga za porini zinazoliwa, ambazo watu walizikanyaga wakienda kununua za dukani.

Karanga, sifa na biashara

Mnamo miaka ya 1910 fukusi wa vitumba vya pamba, mdudu aliyeingia Texas mwaka 1892, aliifikia Alabama. Pamba iliteketea. Wakulima wengi wakageukia karanga, na katika mji wa Enterprise walifanikiwa kiasi kwamba mwaka 1919 walijenga mnara wa kumkumbuka mdudu huyo. Mwaka 1921 Carver aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kueleza thamani ya karanga, wakati wazalishaji walipotaka ushuru dhidi ya karanga za nje. Alipewa dakika 10, na wabunge wakamwongezea muda hata akazungumza zaidi sana ya hapo. Tangu siku hiyo jina lake lilienea.

Hapa mfanyabiashara asome kwa makini. Carver alisifiwa kwa kubuni bidhaa takriban 300 za karanga na zaidi ya 100 za viazi vitamu. Ukweli ni kwamba chache mno zilipata soko. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1923 kuuza bidhaa zake haikufika mbali. Alipata hataza tatu tu, kati ya 1925 na 1927, za vipodozi na rangi, na hakuna iliyomtajirisha yeyote. Siagi ya karanga si yeye aliyeibuni, kwani hataza ya kitu cha namna hiyo ilitolewa kwa Marcellus Edson wa Kanada mwaka 1884. Na kuenea kwa karanga kulitokana zaidi na mdudu na bei kuliko maabara ya mtu mmoja.

Kwa maoni yangu, kusema hivyo hakumpunguzii heshima. Kunatuonyesha kazi yake ilikuwa wapi. Karanga ziliwafaa wakulima kwa sababu zililiwa nyumbani, zilirutubisha ardhi na zilikuwa na mnunuzi. Orodha ya bidhaa 300 haikumlipia mkulima deni. Bustani ndiyo iliyolipunguza.

Nchini kwetu tuna ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1947, miaka minne baada ya kifo cha Carver, Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga Kongwa, kisha Nachingwea na Urambo. Walileta matrekta na kung'oa mapori bila kuuelewa vya kutosha udongo wala mvua za mahali. Mradi ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Zao lilikuwa lile lile. Kilichokosekana ni majaribio madogo yanayotangulia, ambayo Carver aliyafanya kila msimu.

Siku za mwisho

Carver hakuoa. Alivaa koti moja miaka mingi na alisahau hundi za mshahara kwenye droo. Kwa kubana matumizi aliweka akiba ya takriban dola 60,000, ambazo kuanzia mwaka 1940 alizitoa kuanzisha mfuko wa utafiti wa kilimo pale Tuskegee. Alifariki tarehe 5 Januari 1943 baada ya kuanguka, akazikwa chuoni jirani na kaburi la Booker T. Washington. Julai mwaka huo huo serikali ya Marekani ililitangaza shamba alikozaliwa utumwani kuwa eneo la kumbukumbu la taifa, la kwanza kutengwa kwa heshima ya Mmarekani mweusi.

Somo kwa Nanyala

Ndugu mkulima, Oktoba na Novemba yetu ndiyo Mei na Juni ya Alabama: joto limepanda, udongo una moto, na mikono yote imeelekezwa kwenye zao la fedha. Sisi hatuogopi barafu. Tunaogopa ukosefu wa maji kabla ya mvua, na magonjwa baada ya mvua kushika. Kwa hiyo ratiba ya mboga inaweza kupangwa hivi.

Katikati ya Oktoba, andaa matuta machache karibu na nyumba, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo na mboga yanaweza kufika, ila si yenye sabuni nyingi. Changanya samadi iliyooza au mboji. Sia kitalu cha chainizi, sukuma wiki na nyanya chungu, ukifunike kwa nyasi kavu na kuziinua mara mbegu zinapoota.

Mvua za kwanza zinaponyesha, kabla hujamaliza kupanda mahindi, tenga saa mbili za asubuhi kwa bustani. Mwaga mbegu za mchicha, nao utaanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Panda maboga pembezoni, kunde na bamia. Majani machanga ya kunde huchumwa baada ya mwezi mmoja hivi, na bamia huanza kutoa baada ya takriban miezi miwili. Mvua ikishika, panda marando ya viazi vitamu, nayo yatakupa matembele muda mrefu kabla ya viazi.

Kuhusu nyanya, uwe mwangalifu. Bei hupanda wakati wa masika kwa sababu wengi hushindwa na bakajani. Anayeanza apande mashina machache, ayafungie vijiti, apunguze majani ya chini, na asikope kwa ajili hiyo.

Mwaka unaofuata, hamishia mahindi mahali palipokuwa na kunde au karanga. Na mboga zikizidi mwezi Machi, chemsha kidogo majani ya kunde, kausha kivulini na uhifadhi kwa ajili ya kiangazi. Soko la Mlowo au Tunduma lije baada ya sufuria kujaa, kwani mboga ya kuuza tu hukurudisha kwenye bei ya mtu mwingine.

Mwisho, fanya hesabu moja. Chukua daftari la mtoto, andika kila shilingi inayotoka kununua mboga kuanzia Oktoba hadi Februari. Nilipoifanya hesabu hiyo na mama yangu miaka michache iliyopita, tulikaa kimya kidogo. Kiasi kile hakikuwa mbali na kile ambacho baba alikuwa akikikopa kwa dhamana ya kahawa. Msimu uliofuata tulipanda matuta manne nyuma ya jiko. Februari ilipofika, kahawa ilikuwa bado mtini, na ilikuwa bado ya kwetu.